EZproxy baada ya miaka saba: mshenga wa maktaba yetu

Mwezi ujao naanza likizo ya uzazi, na kati ya kazi zote ninazoziacha, inayoninyima usingizi ni seva moja ndogo iliyo kwenye chumba cha mitambo nyuma ya jengo la utawala. Ndiyo inayoendesha EZproxy, programu inayowawezesha wanafunzi na wahadhiri wetu kusoma majarida tuliyoyalipia hata wakiwa nje ya chuo. Nimeitunza kwa miaka saba katika maktaba ya chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Wakutubi wa vyuo vingine hunipigia simu kuuliza kama inafaa kununuliwa, nami huwajibu harakaharaka huku foleni ya wanafunzi ikinisubiri mezani. Safari hii nimeona niwajibu kwa kirefu.

Naipa nyota nne kati ya tano, na ningepewa bajeti leo ningeinunua tena. Ila chuo kitakachoinunua bila kumteua mtu wa kuitunza kila wiki, heri fedha hiyo kikanunulie viti vya kusomea.

Kwa asiyeifahamu, kazi yake naifananisha na ya mshenga. Mchapishaji wa majarida hamjui mwanafunzi wetu. Anachokijua ni anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao wetu. Anayebisha hodi kutoka anwani hiyo hufunguliwa, anayetoka kwingine huoneshwa bei ya makala kwa dola. Mwalimu anayesoma shahada ya uzamili akiwa Tunduma, ana simu yake na bando lake, kwa mchapishaji ni mtu baki. Basi EZproxy husimama katikati. Humwuliza jina na nywila, ikishamtambua huenda yenyewe kwa mchapishaji, ambako inajulikana, na kumletea ukurasa. Kila kiungo kilichomo kwenye ukurasa ule hukiandika upya ili anapobofya tena, ombi lake nalo lipitie hapohapo. Ndiyo maana anwani ya JSTOR, hifadhidata ya majarida, kwa mfano, yeye huiona imeandikwa www-jstor-org, nukta zimegeuzwa vistari, kisha linafuata jina la seva yetu. Vistari vile vina sababu: cheti cha usalama tunachotumia hufunika ngazi moja tu ya jina, na kila nukta ingeongeza ngazi nyingine.

Napenda kujua chombo ninachotumia kimetoka mkononi mwa nani. EZproxy iliandikwa na mkutubi, Chris Zagar, wa chuo cha Estrella Mountain huko Arizona, Marekani, na ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2008 ilichukuliwa na OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake Ohio. Ukiifungua unaiona asili hiyo. Ni faili moja la kuendesha na mafaili machache ya maandishi matupu, basi. Mimi nimesomea ukutubi, sikusomea uhandisi wa kompyuta, na siku ya kwanza nilipokaa nayo pamoja na kijana wa kitengo cha TEHAMA tuliisimamisha kabla ya chakula cha mchana. Iko kwenye mashine pepe ya Linux yenye GB 4 za RAM na sijawahi kuiona ikielemewa, hata wiki za kukusanya tasnifu.

Kazi yenyewe iko ndani ya faili liitwalo config.txt. Kila hifadhidata tunayoilipia ina ubeti wake humo: jina, anwani ya kuanzia, kisha orodha ya tovuti na vikoa, yaani majina kama jstor.org, ambavyo EZproxy inaruhusiwa kuvipitia. Naita ubeti kwa sababu wenyewe walioutengeneza wameuita hivyo kwa lugha yao, na neno limekaa vizuri sana kwetu. Ubeti ukipungukiwa mstari mmoja, unasikika tu kwamba umevunjika. OCLC wameweka hadharani beti za hifadhidata nyingi, unanakili na kubandika, na kwa asilimia kubwa ya kazi hiyo inatosha.

Kinachobaki ndicho chenye jasho. Wachapishaji hawatulii. Leo PDF zao ziko kwenye kikoa hiki, kesho wamezihamishia kingine, na ubeti wa jana hautoshi tena. Mwanafunzi hatakuambia kwamba kikoa kimebadilika. Atakuambia, "Madam, mtandao wa maktaba haufanyi kazi." Nimejifunza kumwuliza maswali mawili kabla ya yote: ukurasa umefunguka? Na PDF je? Ukurasa ukifunguka na PDF ikakataa, mara nyingi kuna kikoa kipya ambacho sijakiandika. Ukurasa ukifunguka uchi, maandishi yamepangana kama risiti, picha na mitindo inatoka mahali ambapo hatupajui. Hapo nafungua zana za ukaguzi za kivinjari, natafuta ombi lililotoka bila kubeba jina la seva yetu, nakiandika kikoa chake, na kwa kawaida ndani ya dakika kumi tumemaliza.

Mpangilio nao una maana. EZproxy husoma config.txt kutoka juu kwenda chini, na baadhi ya amri ukiziandika hubaki zikifanya kazi kwa beti zote zinazofuata mpaka uzifute kwa amri nyingine. Mwaka wangu wa pili niliweka amri ya vidakuzi (cookies) kwa ajili ya hifadhidata moja ya sheria, nikasahau kuirudisha. Hifadhidata tatu zilizokuwa chini yake zikaanza kuwatoa watu nje kila wanapofungua makala ya pili. Siku mbili nzima nilikuwa nawaandikia barua pepe wachapishaji watatu wasio na kosa. Tangu siku hiyo kila badiliko naliandika kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu: tarehe, mstari gani, kwa nini. Nalifanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya vipindi, kwa sababu config.txt ikibadilishwa lazima programu iwashwe upya. Kuwasha upya ni sekunde chache tu, lakini mtu aliye katikati ya kupakua atazihisi.

Kuna kikomo kimoja ambacho nawashauri mkiongeze mapema, cha idadi ya majina ya tovuti ambayo seva inaweza kuyabeba. Programu huanza na 200. Kwa maktaba yenye hifadhidata tano ni nyingi. Ukijiunga na vifurushi vya pamoja kama vile tunavyonunua kupitia COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, zitakwisha, na tovuti mpya hazitapita.

Cheti cha usalama nacho, neno moja. Tangu mwaka 2018 shirika la Let's Encrypt hutoa bure cheti kinachofunika majina yote yaliyo chini ya seva, na tunakitumia. Huisha kila baada ya siku 90. Kiwekeeni utaratibu wa kujihuisha chenyewe, halafu mkague kwa macho.

Sasa niseme lililotuumiza zaidi, na halikuwa kosa la programu. Chuo kilibadilisha kampuni inayotupatia intaneti. Mkataba mpya ulikuwa wa bei nafuu na kasi iliongezeka kweli, kila mtu alifurahi. Hakuna aliyekumbuka kuiambia maktaba kwamba anwani za IP nazo zinabadilika. Nilifika Jumatatu nikakuta seva inafanya kazi vizuri, nywila zinakubaliwa, na kila mchapishaji anatuambia tununue makala. Mshenga alikuwa amebadilishiwa sura usiku, na ukweni hawakumtambua. Niliandika barua pepe kwa wachapishaji wote siku ileile. Mmoja alijibu kabla ya adhuhuri. Mmoja alichukua wiki mbili na siku tatu. Ilikuwa katikati ya muhula, wanafunzi wa udaktari wa binadamu walikuwa wakija mezani kwangu mmoja mmoja na majina ya makala kwenye karatasi, na nilichoweza kuwapa ni yale yaliyo wazi kwa wote. Leo nina jedwali lenye jina la kila mchapishaji, anwani ya idara inayoshughulikia IP, na tarehe ya mwisho waliponijibu. Wakuu wa TEHAMA nao wamekubali kwa maandishi kwamba anwani ya seva ile haiguswi bila maktaba kupewa taarifa ya siku 30. Kabla hujanunua EZproxy, pata karatasi hiyo.

Jambo la pili ni wizi. Mhadhiri mmoja alitumia nywila yake ya chuo kwenye tovuti nyingine, ikavuja. Usiku wa kuamkia Jumapili mtu aliingia kwa jina lake akavuta mamia ya makala ya jarida moja mfululizo. Mchapishaji akaifungia anwani yetu, na kwa kuwa sote tunapita mlango mmoja, chuo kizima kikafungiwa. Waliniandikia kwa adabu, wakataka nimtafute mhusika. Nikafungua kumbukumbu za seva. Saa zilikuwepo, makala yalikuwepo, jina la mtumiaji halikuwepo. Kumbukumbu za EZproxy haziandiki jina la mtu mpaka uwashe amri ya kufanya hivyo, nami sikuwa nimeiwasha. Ilinichukua siku nne kumpata kwa kulinganisha saa za kuingia katika mfumo mwingine wa chuo.

Baada ya hapo niliweka kikomo cha upakuaji. Atakayevuta kiasi kikubwa ndani ya dakika 15 husimamishwa mwenyewe na kuoneshwa ukurasa wenye namba ya ofisi yangu. Mpaka sasa kikomo hicho kimenasa watu mara chache, na mara zote nimeweza kumpigia mhusika kabla mchapishaji hajaamka.

Lakini suala la majina kwenye kumbukumbu lilinikosesha raha, na hapa naomba wenzangu wanisikilize. Seva hii inajua kila mtu anasoma nini. Inajua binti gani wa mwaka wa pili alikuwa anasoma kuhusu kuharibika kwa mimba saa nane usiku. Inajua mhadhiri gani ameanza kusoma kuhusu ugonjwa wa kutetemeka. Tungeandika majina hayo kwenye kumbukumbu za kudumu tungekuwa tumejenga daftari la siri za watu bila wao kujua. Na mwaka juzi ofisi moja ya chuo ilituma mtu kuniuliza kijana fulani, aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, alikuwa akisoma nini. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikamwambia siwezi. Aliondoka bila kuaga.

Nilichomwambia kilikuwa kweli kwa sababu ya mpangilio ambao EZproxy inauruhusu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwenye kumbukumbu kuu naandika namba ya kipindi tu, yaani namba ambayo mtu hupewa kila anapoingia, siandiki jina. Jina na namba hukutana mahali pengine, kwenye mafaili ya ukaguzi, ambayo nimeyapangia yafutike yenyewe baada ya siku 60. Ndani ya siku hizo, mchapishaji akilalamika naweza kumpata mhusika. Zikishapita, takwimu za matumizi zinabaki, lakini ni nani aliyesoma hakuna anayeweza kujua, hata mimi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imenipa maneno ya kuutetea utaratibu huu kwenye vikao, maana awali nilikuwa nautetea kwa dhamira peke yake. Nimeuandika kwenye sera ya maktaba, ukasainiwa.

Kuna tatizo moja ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa ughaibuni havilipi uzito unaostahili kwetu. EZproxy inaweza kuifungia anwani ya IP ambayo kutoka kwake nywila imekosewa mara nyingi. Ni kinga nzuri. Ila wanafunzi wetu huingia kwa simu, na kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, wanafunzi wapya wanakosea nywila, ishirini wanatosha, na ghafla mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye hajakosea lolote anafungiwa nao kwa sababu tu wanatumia laini ya kampuni moja. Nilipogundua nililegeza kikomo cha anwani nikakaza kikomo cha jina la mtumiaji, na simu za malalamiko zikapungua wiki ileile. Wenzangu wa Kenya, Uganda na kwingineko ambako simu ndiyo kompyuta ya mwanafunzi, angalieni hilo siku ya kwanza.

Kurasa zinazoonwa na mtumiaji ni HTML ya kawaida, unaweza kuziandika upya utakavyo, nami nimeziandika kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini. Ukurasa wa kosa unaojitokeza pale tovuti isipokuwa kwenye orodha ulikuja na maelezo yanayomfaa fundi. Wa kwangu unasema: "Tovuti hii bado hatujaiunganisha. Tutumie kiungo ulichobofya kwa namba hii, tutakujibu leo." Nusu ya vikoa nilivyoongeza mwaka huu vimetokana na ukurasa huo, maana wanafunzi hutuma kweli. Nimetengeneza pia kijisanduku kwenye tovuti ya maktaba ambamo mtu hubandika kiungo cha makala aliyoipata kwa kutafuta Google, nacho humpitisha kwenye seva. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakikutana na bei ya dola wanaondoka, wakiamini chuo hakijalipia, kumbe kimelipia.

Tulijaribu njia nyingine kabla na sambamba. VPN ya chuo, inayokiunganisha kifaa na mtandao wetu kutoka mbali, inafanya kazi, lakini mwanafunzi lazima aisakinishe kwenye simu, na akishaiwasha hata video zake hupitia mtandao wa chuo. Nywila moja ya pamoja inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mtindo tuliokuwa nao zamani, ilikuwa imeshafika mjini kabla ya wiki kwisha. Mfumo wa utambulisho wa shirikisho, ambao mchapishaji humtambua mtu kupitia chuo chake bila kujali IP, naamini ndiko tunakoelekea na ninausubiri kwa hamu. Unahitaji kumbukumbu safi za kila mwanafunzi, nani yupo, nani amehitimu, nani ameahirisha, na ofisi ya usajili bado inazisafisha. EZproxy nayo hukubali kuunganishwa na mfumo huo, hivyo ukiinunua leo hujajifungia mlango. Kwa sasa yetu inauliza nywila kwa LDAP, yaani orodha ya watumiaji, ileile ya barua pepe ya chuo, na aliyehitimu akiondolewa humo hutoka mwenyewe.

Nyota niliyoibakiza ni ya malipo. Zamani leseni ililipiwa mara moja. Siku hizi ni kila mwaka, kwa dola, na seva huhakikisha ufunguo wa leseni kwa OCLC kupitia intaneti. Chuo cha umma kinachosubiri fungu la fedha za kigeni kijue kwamba tarehe ya leseni haisubiri kikao. Mimi huanza kuandika dokezo la malipo miezi mitano kabla. OCLC wanatoa pia huduma ambayo wao wenyewe wanaihifadhi seva, na kwa chuo kisicho na umeme wa uhakika ningeifikiria. Kwetu umeme ukikatika usiku jenereta la jengo la utawala haliwashwi, na betri ya seva inahimili saa mbili na nusu.

Kuhusu likizo. Mkutubi msaidizi atakayenishikia nafasi ni kijana aliyemaliza stashahada ya ukutubi miaka miwili iliyopita, na alipoambiwa aliniuliza kama atatakiwa kujua kuandika programu. Nimekaa naye wiki sita. Wiki ya kwanza alisoma tu daftari la kaunta, kurasa zote, pamoja na zile za makosa yangu. Wiki ya tatu alianza kusoma kumbukumbu za asubuhi peke yake na kunieleza alichokiona. Jumatano iliyopita ilikuja hifadhidata mpya ya kilimo, nikamwachia, nikaenda kliniki.

Nilikuwa kwenye benchi nasubiri kuitwa aliponipigia. Alikuwa ameandika ubeti, ameuweka mahali pake, ameandika kwenye daftari, amewasha upya, kisha akamwomba mwanafunzi mmoja bwenini azime WiFi ya chuo na kuingia kwa bando.

"Dada, imefunguka."

"Na PDF je?"

"PDF nayo imefunguka, Dada. Anaisoma sasa hivi."